Hakuna Kumpita Meja

Kosa la Khisa lilikuwa moja tu: alijua kazi. Angekuwa fundi wa kubahatisha, wa wale tunaowajua sote, wanaofungua boliti nane wakarudisha sita na kukuambia zile mbili zilikuwa za urembo, angekuwa zamani yuko kwao Kimilili, Kenya, anajilalia usingizi. Lakini alitengeneza gari la Meja Santo wa jeshi la Uganda kwa asubuhi moja, gari lililowashinda mafundi wa kambini miezi miwili, na Meja akafurahi kupita kiasi. Alifurahi hata akazichukua pasipoti za Khisa na mkewe akazifungia kwenye kabati lake la chuma. "Zisipotee," alisema. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Sasa ulikuwa wa sabini na tano, na pasipoti hazikuwa zimepotea hata kidogo. Waliopotea ni wenyewe.

Mkewe, Teresa Adero, aliihesabu miaka hiyo kwa meno. Binti yao, Nekesa, walimwacha kwa bibi yake Kimilili akiwa na meno yote ya utoto. Barua moja ikaja kusema ya mbele yameng'oka. Nyingine ikasema yameota mapya, makubwa kama ya baba yake. Teresa aliisoma hiyo ya pili akiwa amekaa kwenye tairi kuukuu pale gereji ya Nateete, akalia kwa hasira, maana mtoto alikuwa amebadilisha meno mama hayupo, na meno hayabadilishwi mara ya pili ili mama apate kuona.

Ndipo yakaja mashindano ya pikipiki kongwe. Nani aliyeyabuni sijui, na wakati ule hatukuwa na tabia ya kuuliza nani amebuni nini. Tuliambiwa tu kwamba pikipiki zilizoundwa kabla ya vita vya Hitla zitatoka Nateete alfajiri na kufika Mbarara jioni, maili mia moja na sabini, kuonyesha ulimwengu kwamba Uganda haishindwi na kitu. Sukari ilikuwa imetushinda, sabuni imetushinda, chumvi ndiyo usiseme. Pikipiki hazikuwa zimetushinda bado.

Meja Santo alipata yake katika bohari la Mhindi mmoja aliyefukuzwa pamoja na wenzake. Kuku walikuwa wametaga ndani ya taa yake kwa miaka mitatu. Khisa aliifungua yote, akaikwangua mavi ya kuku, akaiundia vali kutoka kwenye injini ya mashine ya kusagia mahindi ya posho, akaifunga tena. Siku ilipoguruma, Meja aliruka akamkumbatia.

"Khisa, sikia mimi," alisema. "Nikifika Mbarara namba moja, mimi naachia nyinyi pasipoti. Nyinyi naenda salimia mtoto."

"Na usipofika wa kwanza, Afande?" Teresa aliuliza.

Meja alicheka tu. Aliondoka akiwa bado anacheka, na kicheko hicho kikabaki pale gereji siku nzima kama harufu ya mpira ulioungua.

Asubuhi ya mashindano, Teresa alikuwa anapakia vitu kwenye pikapu: madebe mawili ya petroli, debe la maji, birika kubwa la chai iliyokolezwa tangawizi ili isionekane haina sukari, chapati, na mayai kumi na mawili ya kuchemsha. Kazi yao yeye na Khisa ilikuwa kumfuata Meja nyuma na kumhudumia. Khisa alikuwa anapanga spana zake kwa ukubwa, anapiga mluzi.

"Unapiga mluzi wa nini, Baba Nekesa?"

"Wa kwetu. Meja amenionyesha pasipoti mfukoni mwake. Wiki ijayo niko Kimilili. Ile pikipiki haisimami njiani, nakuapia. Nimeifunga mimi."

"Hilo ndilo linalonitia hofu," alisema Teresa. "Ukimfikisha salama, ataona wewe ni dhahabu. Mtu ana dhahabu kabatini, ataitoa aitupe Kimilili?"

"Amesema kwa mdomo wake."

"Hata sukari tuliyoahidiwa Jumatatu ilisemwa kwa mdomo. Umeiona?"

Khisa aliokota spana nyingine akaipangusa. Alikuwa mtu mwema, mpole, asiyelewa hovyo, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia mtu yeyote adhanie hajui kazi. Padri aliwahi kumwambia kwa utani kwamba breki za baiskeli yake zinalia, na Khisa akaacha misa katikati akaenda nje kuzitengeneza. Mtu wa namna hiyo, Teresa aliwaza, hawezi kutoka katika mikono ya Meja hata milele, maana kila atakapoambiwa fanya, atafanya vizuri.

*

Waendeshaji walikuwa tisa. Meja Santo ndiye aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko wote. Saba walikuwa maofisa wadogo na makarani wa serikali. Wa tisa alikuwa Mzee Erinayo wa Kyebando, tarishi mstaafu wa posta, aliyeendesha pikipiki yake ileile tangu enzi za Mwingereza. Ekzosi yake ilikuwa imeanguka zamani na hakuirudisha, na kelele za miaka thelathini zilikuwa zimemuua masikio yote mawili.

Msimamizi alikuwa Sajenti Obwona wa polisi, Mwacholi mrefu mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Alipewa kitabu cha kuandikia kila kitu, na kitabu hicho angemkabidhi Gavana mwenyewe jioni kule Mbarara. Aliwasomea sheria kwa sauti ya mahakamani.

"Sheria namba nne. Msaidizi atatoa maji, chakula, petroli na spana. Mkono wa msaidizi haugusi mashine. Pikipiki ikiharibika, mwendeshaji anatengeneza mwenyewe. Msaidizi akigusa, pikipiki iko nje ya mashindano. Hakuna swali."

Hakukuwa na swali. Khisa alikohoa. Obwona akapanda nyuma ya pikapu, akaketi juu ya debe la petroli na kitabu magotini, maana yeye angesafiri na kundi la Meja.

Tarumbeta ikalia, bendera ikashushwa. Pikipiki nane zikatoka Nateete kwa moshi na kelele, watoto wakashangilia, mbwa wakakimbia. Yalikuwa mashindano ya kweli kwa muda wa kama dakika nne. Baada ya hapo ukweli mwingine ukajitokeza: Meja Santo, aliyeweza kuendesha kifaru, hakujua kuendesha pikipiki. Aliiweka gia ya pili, akaushika usukani kama mtu aliyemkamata mwizi, na hakuthubutu kubadilisha. Alikwenda mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo.

Na nani wa kumpita Meja?

Luteni Ocen, aliyekuwa na pikipiki nzuri kuliko zote, alifika nyuma yake akapunguza mwendo. Aliyemfuata naye akapunguza. Ilipofika Kyengera wote walikuwa wamejipanga mstari mmoja, Meja mbele, nyuma yake Luteni, nyuma ya Luteni sajenti meja, halafu makarani kwa ngazi zao za mishahara. Walipofika Nsangi, wanaume waliokuwa kando ya barabara walivua kofia, na mwanamke mmoja akapiga magoti. Walidhani ni maziko.

"Andika," Obwona alijisemea kwa sauti kule nyuma. "Saa moja na robo. Mwendo wa adabu."

Teresa alicheka hadi akaogopa. Mzee Erinayo pekee hakuwemo katika mstari huo. Alikuwa amechelewa kuondoka kwa sababu hakusikia tarumbeta ya kuanza, na alipogundua wenzake hawapo alimaliza kwanza chai yake.

*

Mzee Erinayo aliwafikia Kayabwe, pale wazungu walipokuwa wakipigia picha mstari wa Ikweta. Teresa ndiye aliyemwona kwanza, kichwani kofia ya tarishi, koti limejaa upepo. Alimpita karani wa mwisho, akawapita wengine wote, akampita Luteni Ocen aliyekuwa akimpungia mkono kwa hofu, arudi nyuma. Mzee alidhani ni salamu, akapunga naye. Kisha akafika ubavuni mwa Meja Santo, akainua kofia yake kwa heshima zote, akampita.

Ndani ya pikapu hakuna aliyepumua.

"Mama yangu," alisema Khisa. "Amempita."

"Amempita," Obwona aliandika. "Saa tatu na nusu."

Meja alipiga ukelele ambao hata Erinayo angeusikia kama angekuwa na sikio moja tu. Akafungua mafuta hadi mwisho, bado yuko gia ya pili. Mashine ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Khisa alitoa kichwa nje.

"Gia ya tatu, Afande! Gia ya tatu!" alipiga kelele dirishani, lakini nani angemsikia?

Walimkimbiza mzee hivyo, kwa moshi na kelele na hasira, na mzee akazidi kupungua mbele yao hadi akawa nukta, na nukta yenyewe ikapotea. Walipoingia kwenye kinamasi cha Lukaya, katikati ya mafunjo, pikipiki ya Meja ilikohoa mara tatu ikanyamaza.

Luteni Ocen, nyuma yake, alizima ya kwake papo hapo akashuka na kuinama kana kwamba kuna kitu kimekatika. Sajenti meja akazima. Makarani wakazima. Pikipiki saba nzima, zisizo na homa wala kikohozi, ziliharibika kwa mpigo katika barabara moja, na wenyewe wakachuchumaa wanazikagua kwa masikitiko. Obwona aliteremka akapita mmoja mmoja.

"Yako ina nini, Luteni?"

"Sijui, Sajenti. Imeshikwa ghafla."

Obwona akaandika: imeshikwa ghafla.

Khisa alikuwa ameshafika kwa Meja, spana mkononi. Hakuhitaji kuangalia. Alijua ni zile pointi, vile vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kuleta cheche. Vilikuwa vimeungua kwa ule ukatili wa gia ya pili. Kazi ya dakika tano.

"Sheria namba nne," Obwona alisema nyuma yake.

Meja aligeuka taratibu. "Wewe nasema nini?"

"Fundi akigusa, pikipiki iko nje, Afande."

"Sheria ni mimi!"

"Ndiyo, Afande." Kijasho chembamba kilimtoka Obwona, lakini alikuwa mtu wa kitabu, na watu wa kitabu wana ujinga wao unaofanana sana na ushujaa. "Lakini kitabu kinasomwa na Gavana leo jioni, Afande. Nikiandika uongo, nitafungwa na Gavana. Nikiandika kweli, nitafungwa na wewe. Bado sijaamua."

Meja alilitafakari jina la Gavana, aliyemzidi cheo. Akaitazama pikipiki. Akamtazama Khisa, na Teresa akayaona macho hayo vizuri. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni. Na hapo ndipo Teresa alipoelewa kila kitu. Huyu bwana hamfungi Khisa kwa ukatili, anamfunga kwa kumhitaji. Atatuachia siku atakapojiona hamhitaji. Akasogea mbele.

"Afande," alisema, "mbona wewe mwenyewe unaweza?"

Khisa alimtolea macho.

"Nasema kweli. Huyu mume wangu nimekaa naye miaka kumi na moja, namshikia taa. Hubahatisha tu. Anafungua, anapangusa, anafunga. Kazi ya kijinga. Mtu aliyesomea vifaru..."

"Mama Nekesa!" Khisa alisema.

"Kula yai," alisema Teresa, akalimenya kwa haraka akamtia mdomoni zima.

Meja alikuwa amekwisha kunja mikono ya shati. "Spana!" alisema. Teresa akampa.

"Sijui, Afande, mimi ni mwanamke tu. Kile kifuniko kidogo cha ubavuni, hakifunguki kile?"

"Nakwisha ona mimi!" alisema Meja, aliyekuwa anafungua tangi la petroli. Akahamia kwenye kifuniko. Akazungusha skrubu upande wa kuikaza. Akazidi kuikaza. Khisa alifanya sauti ya mtu anayeona nyumba yake inaungua, na Teresa akamtia yai la pili.

"Labda upande wa pili ni mgumu kwako, Afande."

"Hakuna upande mgumu kwangu!" Skrubu ikatoka.

"Vile vichuma viwili vimekuwa vyeusi. Sijui kama ni uchafu?"

"Ni uchafu! Mimi naona uchafu!"

"Mafundi wa hovyo wangetafuta dawa ya dukani. Wenye akili, nasikia, hupangusa kwa ubavu wa kibiriti."

Meja alitoa kibiriti, kitu cha tunu siku zile, akapangusa kwa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Damu ilimtoka kidoleni, mafuta yakampaka shavu. Alipokuwa akirudisha kifuniko alikiweka kichwa chini miguu juu. Khisa alinyanyuka, na yai la tatu likamkuta njiani.

Meja akapiga teke la kuwasha. Kimya. Akapiga la pili. Mashine ikaguruma, ndege wote wa Lukaya wakaruka kutoka kwenye mafunjo, na Meja Santo akasimama katikati ya barabara amenyoosha mikono juu, machozi yanamlengalenga.

"Mimi natengeneza! Mimi peke yangu! Sajenti, andika!"

"Naandika, Afande. Mwenyewe, peke yake. Msaidizi alikuwa anakula mayai."

Pikipiki nyingine saba zilipona sekunde ileile.

"Afande," Teresa alisema taratibu, akimpa chai, "ile gia ya tatu tusiiguse. Nasikia ni ya watu waliozoea sana."

Meja alimtazama kwa dharau, akaruka juu ya pikipiki, akaitia gia ya tatu kabla hajafika daraja.

*

Walikwenda sasa kama watu wenye safari. Masaka ikapita, Lyantonde ikapita. Khisa aliendesha pikapu bila kusema neno kwa maili arobaini.

"Hubahatisha," alisema hatimaye.

"Baba Nekesa..."

"Miaka kumi na moja unanishikia taa, kumbe nabahatisha."

"Unataka kusifiwa au unataka kumwona mtoto?"

Khisa alikwepa shimo la barabarani. "Kifuniko kiko kichwa chini," alisema. "Kila nikikitazama naumwa."

Lakini hofu nyingine ilikuwa imemkamata Teresa. Meja alisema namba moja, na namba moja alikuwa mzee kiziwi aliyepita Kayabwe akiinua kofia. Kwa hesabu yake Erinayo alikuwa amekwisha fika, amepewa gunia la sukari la zawadi, na labda amekwisha lifungua. Alianza kumwomba Mungu, kwa Kijaluo ili aeleweke vizuri.

Mbarara ilikuwa imepambwa. Bendi ilikuwapo, askari walikuwapo, utepe mwekundu ulikuwa umefungwa barabarani kutoka mti hadi mti, na Gavana alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa chini ya turubai. Meja aliukata utepe kwa kifua chake saa kumi na dakika ishirini, na wenzake saba wakapita nyuma yake kwa vyeo. Bendi ikapiga. Kisha, watu walipokuwa bado wanashangilia, kutoka chini ya mkaratusi kando ya barabara pikipiki moja ikanguruma, na Mzee Erinayo akapita pole pole, wa tisa, kofia mkononi.

Gavana aliuliza matokeo. Obwona alikuwa amekwisha wauliza walinzi wa utepe. Alisimama mkakamavu akasoma, na Teresa alitamani kumtia yai, ila yalikuwa mbali.

"Meja Santo, kukata utepe, saa kumi na dakika ishirini. Erinayo wa Kyebando, kufika, saa tisa kamili."

Bendi ilinyamaza, tarumbeta ya mwisho ikimalizikia hewani. Uso wa Meja ulibadilika rangi.

"Saa tisa?" Gavana alisema. "Mzee, mbona hukukata utepe?"

Mzee alitabasamu. Teresa ilibidi aende amwinamie na kulirudia swali ndani ya sikio lake kwa nguvu zote.

"Aa! Nnyabo, mama, mimi naona askari, naona bendi, naona kiti," Mzee Erinayo alisema kwa sauti kubwa ya viziwi. "Nikajua kuna mukubwa anakuja. Nikatoka barabarani nikangoja apite. Mimi nikate utepe wa serikali? Nani atakuja kunitoa jela?"

Gavana aliangua kicheko. Basi na Meja akaangua, na Luteni, na makarani kwa ngazi zao za mishahara. Gavana aliamua kwamba aliyekata utepe ndiye wa kwanza, na kwamba mzee mwenye adabu namna hiyo apewe nusu ya gunia.

Meja Santo akapewa nafasi ya kuhutubia. Aliinua mikono yake miwili yenye mafuta meusi.

"Tazameni! Lukaya pikipiki nakufa. Mimi nafungua, mimi napangusa, mimi nafunga! Fundi yangu, huyu Mkenya, alikaa kando anakula mayai. Matatu!"

Umati ulicheka hadi watu wakashikana. Khisa alisimama kando ya pikapu, masikio yanawaka moto.

"Sasa, Meja," Gavana alisema huku akijifuta macho, "kama wewe mwenyewe fundi, huyu mgeni unamfuga wa nini?"

Meja alifungua mdomo. Teresa aliona mawazo yakimpita usoni: gari lake kambini, jenereta ya nyumbani, lori la shemeji yake, vyote alivyovitengeneza Khisa. Alikuwa karibu kukumbuka. Teresa akajitupa mbele, akapiga goti.

"Kweli, Mtukufu. Tunamlia Afande chakula bure. Hana kazi na sisi. Atutoe tu, twende kwetu."

Gavana alimtazama Khisa. "Wewe. Unajua pikipiki?"

Watu walisogea kusikia. Ile mashine ilisimama pale mbele yao, inang'aa, imefufuliwa kutoka kwenye mavi ya kuku kwa mikono yake, vali zake za mashine ya posho, nyaya zake alizozisuka mwenyewe wiki mbili bila kulala vizuri, na kifuniko kichwa chini. Teresa hakuwa na yai mkononi, wala mguu wake haukuufikia wa mumewe. Alimwomba kwa macho tu.

"Sijui kitu, Mtukufu," alisema Khisa.

Sauti ilimtoka kavu. Hata padri hakupata kusikia maungamo magumu kama hayo. Umati ukalipuka tena kwa kicheko, na Teresa, akiwa bado amepiga goti, alimpenda yule mwanamume kuliko siku ya harusi.

"Achia hawa watu," alisema Gavana.

Meja alikuwa amezibeba pasipoti mfukoni tangu asubuhi ili kumtia Khisa moyo. Hakuweza kukataa mbele ya watu waliokuwa wakimpigia makofi. Alizitoa, na alipozitoa alizishikilia kidogo, akamtazama Khisa kwa macho yale ya sokoni.

"Hujui kitu kweli?" alinong'ona.

"Kweli, Afande. Nilikuwa nabahatisha."

*

Jumanne adhuhuri walikuwa Busia, na masanduku mawili na robo kilo ya sukari ambayo Mzee Erinayo aliwalazimisha wapokee. Ofisa wa mpaka alizikagua pasipoti kwa uvivu. Nje, karibu na kizuizi, askari mmoja alikuwa anahangaika na pikipiki ya ofisi. Alipiga teke, ikakohoa. Alipiga teke, ikakohoa.

Teresa hakumtazama mumewe. Aliona tu vidole vyake vinachezacheza kwenye mpini wa sanduku.

"Kazi?" aliuliza ofisa.

Nje ile mashine ikakohoa.

"Fu..." alisema Khisa.

Ofisa aliinua kichwa haraka. "Fundi?"

"Fungu la nyama," alisema Khisa, jasho linamtoka. "Nachoma nyama. Mimi ni mpishi."

Ofisa aliitazama mikono iliyokuwa juu ya meza, kucha nyeusi hadi ndani. "Mbona mikono iko hivi?"

"Ni makaa, Afande," alisema Teresa. "Kila siku namwambia anawe."

Ofisa alitikisa kichwa kwa masikitiko, akapiga mhuri mara mbili. Walitoka. Walipita kando ya yule askari, wakakipita kizuizi, wakashika barabara ya upande wa pili, Kenya iko pale mbele na vibanda vyake na mabasi yake. Nyuma yao ile pikipiki ilikuwa bado inakohoa, na kila ilipokohoa bega la Khisa liliruka.

"Ni kabureta," alisema chini kwa chini. "Mafuta yanazidi. Kuzungusha skrubu moja tu. Robo duara, Mama Nekesa. Robo."

"Tembea," alisema Teresa, akamshika mkono.